Mara ya Pili Kisimani

Harithi alikuwa amemshika mbuzi sikio, anamkagua meno, Ruthu alipomjia mbio.

Ilikuwa siku ya mnada Haneti, na vumbi la mifugo lilikuwa limetanda hadi juu ya mabati ya vibanda vya nyama choma. Waridi, dada yake Harithi, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na ukoo mzima kule Makole, mjini Dodoma, ulimtuma yeye akatafute mbuzi wa akika. Yeye ndiye aliyekuwa na pikipiki, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alivaa jinzi, kandambili, na fulana nyekundu ya kazini, kwa kuwa asubuhi hiyo ndiyo pekee iliyokuwa imekauka kwenye kamba. Mgongoni fulana ilikuwa na neno moja kubwa, jeupe: UOKOAJI.

Neno hilo ndilo alilolifuata Ruthu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mguu mmoja una kiatu na mwingine peku, kanga imemponyoka mabegani. Hakusalimia. Na Mgogo akikufikia bila kukusalimia, jua kuna jambo zito.

"Kaka, wewe ni wa uokoaji?" alisema huku akihema. "Njoo. Mume wangu yuko kisimani, na kaka yake yuko kisimani. Hawaitiki."

Harithi alimwachia mbuzi sikio.

Hakuwa mgeni wa maneno kama hayo. Aliajiriwa na kampuni binafsi ya uokoaji yenye kituo nje kidogo ya mji wa Dodoma, ambayo viwanda, hoteli na waandaaji wa mikutano mikubwa huikodi ikae tayari kwa moto na ajali. Alikuwa ameitumikia tangu ilipokuwa na gari moja bovu. Yeye ndiye aliyewafundisha vijana wapya kufunga mafundo, kuzuia damu na kuwabeba majeruhi bila kuwaongezea maumivu. Mkewe, Shamimu, alikuwa na mazoea ya kumwambia kwamba hata wakienda harusini yeye hutazama kwanza mlango wa kutokea.

Alimpakia Ruthu kwenye pikipiki, wakakatiza kwenye mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa mpaka kwenye bustani ya nyanya kando ya korongo. Watu walikuwa wamejaa. Kisima kilikuwa cha kuchimba kwa mkono, chembamba na kirefu, na juu ya mdomo wake lilikuwa limelazwa gogo la kupitishia kamba. Kwa maneno ya harakaharaka alielezwa yaliyotokea. Maji yalikuwa yameshuka kwa kiangazi, mpira wa pampu ukawa haufiki. Ndugu wawili, Bartolomayo na mdogo wake Luka, wakaishusha pampu yenyewe ya petroli hadi kwenye kijukwaa walichokichonga ndani, wakaiwasha. Ilipozimika, Luka akashuka kuitazama. Akakaa kimya. Bartolomayo akamfuata mdogo wake, naye akakaa kimya.

Harithi alilala kifudifudi akachungulia. Chini aliona migongo miwili. Kutoka huko ilipanda sauti, mkoromo mzito wa mtu aliyelewa usingizi. Mmoja alikuwa bado anavuta pumzi.

"Asishuke mtu yeyote!" alipiga kelele, maana mwanamume mmoja alikwisha kuvua shati. "Ni moshi wa pampu. Huuoni wala huusikii harufu, lakini utalala palepale walipolala hao. Leteni mwavuli. Leteni kamba zote mlizo nazo."

Mwavuli uliletwa. Aliufungua, akaufunga kwenye kamba na kuwaonyesha namna ya kuushusha na kuupandisha bila kukoma, ili hewa ya chini ivurugike na ya juu iingie. Wakati wanafanya hivyo, alipiga simu kituoni.

Aliyepokea alikuwa Evelina, kiongozi wa zamu, mwanamke mtulivu aliyejuana naye kwa miaka mingi. Harithi alimweleza. Evelina akasema gari linatoka sasa hivi, lenye mitungi ya hewa na barakoa, Fredy, kijana aliyefunzwa na Harithi, na wenzake wako ndani.

"Kutoka huko hadi Haneti, Evelina? Huyu mmoja anakoroma. Gari likifika litakuta maiti wawili."

Harithi alisikia redio ya kituoni ikiongea nyuma ya Evelina.

"Niingie au nisubiri?" aliuliza. "Niambie."

"Harithi," Evelina alisema taratibu, "wewe ndiye uliye hapo. Fanya unachoweza."

Simu ikakatika. Maneno hayo yalikuja kupimwa baadaye kama dhahabu ya wizi, lakini wakati ule Harithi hakuyapima. Alivua kandambili. Alijifunga kamba moja kiunoni na mapajani, ya pili akaishika mkononi, akawapanga wanaume wenye nguvu, hawa wamshike yeye, hawa wangoje kumvuta mgonjwa. Akawaambia, nikitikisa kamba, vuteni, msiulize. Alivuta pumzi ndefu, akaibana, akashuka.

Bartolomayo ndiye aliyekuwa juu, amemwangukia mdogo wake. Harithi alimpitisha kamba kwapani, akafunga, akatikisa. Mkono wake wa kushoto ulimgusa Luka shingoni. Palikuwa baridi, ubaridi wa udongo wa chini, na hakuna kilichopiga. Halafu yeye na Bartolomayo wakavutwa, kifua kikiwaka moto, mpaka akaona mwanga na nyuso za watu.

Bartolomayo alilazwa kivulini. Alitapika, akafumbua macho, akamwita mama yake. Watu walishangilia, wengine wakalia. Harithi alikuwa amepiga magoti, mikono chini, anatafuta hewa. Kichwa kilikuwa kinagonga kama mchi kinuni. Angeweza kubaki pale.

"Na mwenzake?" Ruthu alipiga kelele. "Na Luka? Kaka, na mume wangu je?"

Harithi alimtazama. Akasimama, akashika kamba, akarudi kisimani.

Safari hiyo kila kitu kilikuwa kizito. Vidole havikutii, fundo alilolifunga maisha yake yote lilimpotea, akalianza upya. Alitikisa kamba. Walipokaribia mdomo wa kisima, Luka mbele na yeye nyuma, ukingo uliokuwa umekanyagwa na watu wengi ukamomonyoka. Gogo likacheza. Wanaume wa kamba ya Harithi waliona ardhi ikiondoka chini ya miguu yao, wakaruka nyuma, kamba ikawaponyoka. Wale wa kamba ya Luka walisimama upande wa pili, penye udongo mgumu, wakaishikilia.

Basi maiti ilitolewa, na aliye hai akaanguka.

Aliangukia mgongo juu ya pampu. Kamba yake ilikuwa imenasa kwenye gogo, na watu wakamvuta upesi, kwa nguvu na kwa mapenzi yote, kama gunia la mtama. Hakuna aliyewaambia kwamba mtu aliyeumia mgongo havutwi hivyo. Aliyejua kuwaambia ndiye aliyekuwa anavutwa. Gari la kituoni lilipowasili, Fredy aliruka chini na barakoa mkononi, akamkuta mwalimu wake amelazwa kwenye majani ya nyanya, macho wazi.

"Fredy," Harithi alimwambia, "miguu yangu iko wapi?"

"Ipo, kaka. Ipo hapa, naishika."

"Unaishika?"

Fredy aligeuza uso.

*

Hospitalini mjini Dodoma walimpasua, wakamfunga vyuma, na siku waliyomketisha kitandani daktari aliongea na Shamimu kando ya dirisha kwa sauti ya chini. Harithi aliona mabega ya mkewe yakishuka, akaelewa bila kuambiwa. Kuanzia kiunoni kwenda chini, mwili ulikuwa umehama.

Wiki hiyohiyo kampuni iliweka picha yake kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Ilikuwa picha ya zamani, amevaa kofia ngumu, anacheka. Chini yake waliandika: Shujaa wetu. Uokoaji hauna likizo. Watu waliweka mioyo na mikono ya dua. Mkurugenzi alikuja wodini na maua na mpiga picha. Mke wa mkurugenzi alimshika Shamimu mkono akamwambia asiwe na wasiwasi, kampuni ni familia.

Familia hiyo ilianza kupungua kidogokidogo. Kwanza mpiga picha hakurudi. Halafu mhasibu akawa hapokei simu. Halafu ikaja taarifa kwamba bima ya wafanyakazi inalipa matibabu na fidia kwa ajali iliyompata mtu akiwa kazini na kwa sababu ya kazi, na kwamba Harithi siku hiyo alikuwa mnadani, anatafuta mbuzi.

"Mnadani," Shamimu alirudia akiwa amesimama katikati ya chumba chao cha Makole. Alikuwa mwanamke mwenye sauti, muuza vitenge sokoni Majengo, binti wa watu waliofanya biashara mji huu tangu babu wa babu. "Sasa alivunjwa mgongo na mbuzi?"

Alipiga mbio kwa watu wa msaada wa kisheria, akapata wakili aliyeitwa Miriam, dada mdogo wa umri, mwenye miwani mikubwa na maneno machache. Miriam aliomba dai litazamwe upya, na kampuni ikakubali kuitisha kikao ofisini kwake, mbele ya mtu wa bima.

Siku ya kikao walimbeba Harithi kupanda ngazi, kwa sababu ofisi ya kampuni ya uokoaji haikuwa na njia ya kiti cha magurudumu. Waliombeba ni wenzake wa zamu, Fredy akiwa mmoja wao. Walimbeba kwa ustadi, jinsi alivyowafundisha. Mlangoni walimweka chini, wakaondoka bila kumtazama usoni. Miriam alikuwa amewaomba watatu kati yao waje kueleza kwamba mafunzoni waliapishwa kutompita mtu aliye hatarini, awe kazini au asiwe. Wote watatu walikumbuka kiapo. Hakuna aliyekubali kuingia chumbani.

Walioingia ni Bartolomayo na Ruthu. Walikuwa wametoka Haneti alfajiri. Bartolomayo alivaa koti la Jumapili. Tangu siku ile mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka, na alikuwa akisahau majina ya watu. Alisimama bila kuambiwa asimame.

"Wakubwa, mbukwenyi," alisalimia. "Mimi Kiswahili changu ni cha shambani. Huyu alinitoa kaburini. Sasa nyinyi mnasema hakuwa kazini. Basi alikuwa wapi?"

Mwanasheria wa kampuni, mwanamume nadhifu asiyepandisha sauti, alitabasamu kwa heshima. "Mzee wangu, hakuna anayebisha kwamba Harithi alitenda wema. Sote hapa tunamheshimu. Tunachouliza ni kama alitumwa."

Ndipo alipoitwa Evelina.

Aliingia na sare yake, amenyooka. Alikaa akiwa amekunja mikono juu ya mapaja. Miriam akamuuliza alimwambia nini Harithi kwenye simu.

"Nilimwambia afanye anachoweza."

"Alikuuliza aingie au asubiri?"

"Aliuliza."

"Na wewe, kiongozi wa zamu, ukamjibu afanye anachoweza. Hiyo si ruhusa?"

Harithi aliona vidole vya Evelina vikibanana hadi vikawa vyeupe kwenye viungo, akajua jibu kabla halijatoka. Utaratibu wa kampuni ulikataza kiongozi wa zamu kumwagiza mtu ashuke kwenye shimo lenye hewa chafu bila vifaa. Evelina alikuwa na watoto wanne na mume aliyekwisha kuzikwa.

"Sikumwagiza ashuke," alisema. "Nilimwambia afanye anachoweza. Anachoweza mtu asiye na vifaa ni kuwazuia watu wasishuke na kusubiri gari."

Hakusema uongo hata neno moja, na kila mtu pale alijua alichofanya. Harithi alitafuta hasira moyoni mwake, asiione. Aliona uchovu tu. Siku ile kwenye simu, kama angemjibu subiri, yeye angesubiri? Hakuwa na hakika.

Kisha mwanasheria alimgeukia yeye.

"Harithi, pole sana. Nina maswali machache. Ulishuka mara ya kwanza, ukamtoa mzee huyu. Tunamshukuru Mungu. Sasa tuzungumze mara ya pili, maana hapo ndipo ulipoumia. Uliposhuka mara ya kwanza, ulimgusa marehemu?"

"Nilimgusa."

"Wapi?"

"Shingoni."

"Ulisikia mapigo?"

Ruthu alikuwa amekaa karibu na mlango, begi la plastiki mapajani, macho yake yamemganda Harithi. Kwa muda wote tangu msiba, Harithi alifahamu, mwanamke huyu alikuwa amejishikiza kwenye jambo moja: kwamba mumewe alitolewa akiwa na pumzi kidogo, kwamba palikuwa na nafasi, kwamba alipiganiwa.

"Sisi hatuamui nani amekufa," Harithi alijibu. "Anayeamua ni daktari. Sisi kazi yetu ni kutoa watu."

"Nimekuelewa. Lakini ulisikia mapigo, au hukusikia?"

"Sikusikia."

"Kwa uzoefu wako, mtu uliyewafundisha wengine, uliposhika kamba mara ya pili, ulijua kwamba chini hakuna wa kuokoa?"

"Usijibu," Miriam alisema haraka.

Harithi aliitazama mikono yake. Angeweza kusema sikujua. Pengine lingemsaidia. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa ungali unaukumbuka ule ubaridi, na hakuwa amewahi kuudanganya.

"Nadhani nilijua," alisema.

Mwanasheria aliinamisha kichwa, kama mtu aliyepewa mkono wa pole. "Ahsante. Sina swali jingine."

Hapo Shamimu akasimama. Mtu wa bima alimwambia mama aketi, zamu yake haijafika, wala hana zamu. Hakuketi.

"Mlimweka kwenye simu zenu nchi nzima," alisema. "Shujaa wetu. Wenu! Uokoaji hauna likizo, mliandika nyinyi, si mimi. Watu wakawasifia, mikataba mkapata. Siku ya kusifiwa alikuwa wenu. Siku ya kuvunjika amekuwa wangu peke yangu. Haya, mchukueni basi yule wa kwenye picha mnirudishie, maana yule anatembea!"

Mkurugenzi alikuwa anasoma meza. Mtu wa bima aliandika kitu, akakifuta.

Nje, wakati wanasubiri wabebaji, Ruthu alimjia Harithi kwenye kiti chake. Alichuchumaa mbele yake, uso kwa uso.

"Kwa hiyo Luka alikuwa amekwisha kufa."

"Dada Ruthu..."

"Ulishuka kwa sababu mimi nilipiga kelele."

"Hapana," Harithi alisema. "Ningeshuka tu. Mtu haachwi chini."

Ruthu alimtazama akilipima neno hilo, na Harithi hakujua kama aliliamini. Kisha alifungua begi lake la plastiki, akatoa kibuyu cha asali, akakiweka kwenye mapaja yasiyohisi uzito wake.

"Tumemzika pazuri," alisema. "Mifupa yake ningeiacha kisimani, tungekunywa wapi maji?" Akainuka akamfuata shemeji yake.

Uamuzi ulitoka. Wema ulitambuliwa kwa maneno mazuri, na dai likakataliwa. Kampuni ilitoa kifuta machozi kilichotosha kununua godoro lisilochubua mgongo na dawa za msimu mmoja, pamoja na cheti chenye fremu. Shamimu alikigeuza cheti kikatazama ukuta. Miriam alikuja akasema bado ipo mahakama, asikate tamaa, yuko tayari kuanza. Harithi alimwambia amechoka. Alisema atamjulisha, akijua kwamba hatamjulisha.

Wahenga walisema, tenda wema nenda zako. Wema aliutenda, kwenda zake ndiko kulikomshinda.

*

Alijifunza kuishi upande mmoja wa chumba. Alijua sauti za mtaa kwa saa zake, muuza kahawa, adhana, watoto wa madrasa, majirani wakigombania bomba. Shamimu alifunga duka mapema kila siku ili aje amgeuze. Vidonda vilikuja, vikaondoka, vikarudi. Mwaka mzima ukapita hivyo. Waridi alikuja na binti yake aliyeanza kutembea, na mtoto akapanda juu ya miguu ya mjomba kama anavyopanda juu ya mto, na watu wazima wakajifanya hawaoni.

Mchana mmoja wa mvua za kwanza, Fredy alikuja. Hakuwa amekanyaga pale tangu siku ya kikao. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai, halafu akaipokea, halafu hakuinywa. Shamimu alikuwa kwenye kona anapasi vitenge.

"Kaka, nimekuja kukuambia jambo," alisema. "Ukitaka unifukuze, nifukuze."

"Sema."

"Jumamosi nilikuwa mapumzikoni. Natoka Kongwa kumtazama mama, nimeazima gari la shemeji. Kwenye mteremko mmoja nikakuta Noah imepinduka, muda uleule, vumbi halijatulia. Watu wananipungia. Mmoja amesimama katikati ya barabara amenyoosha mikono, shati limelowa damu. Nilikuwa nimevaa shati la kawaida. Hakuna aliyejua mimi ni nani. Nikapunguza mwendo. Mguu ulikuwa kwenye breki, kaka, naapa. Nikakuona wewe. Nikaona hiki kiti. Nikamkwepa, nikapita."

Pasi ya Shamimu ilikuwa imesimama.

"Jioni nikasikia kwa watu. Wengine wote wazima, michubuko tu. Dereva alikatika mshipa wa paja. Alikaa pale anavuja, na watu wamemzunguka wanampepea."

"Mkanda," Harithi alisema. Sauti ilimtoka yenyewe. "Mkanda wa suruali, juu ya jeraha, unakaza mpaka damu inasimama. Hata mtoto anaweza."

"Najua. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Alikuwa na fahamu?"

"Sijui. Sikushusha kioo."

Mvua ilianza kugonga bati. Fredy alikuwa ameinama, na Harithi alielewa kwamba amekuja kutafuta moja kati ya mawili, atukanwe au asamehewe, na kwamba lolote kati ya hayo lingempa usingizi. Alijaribu kumtukana. Kila neno alilolichukua lilimrudia, kwani ni kwa mfano wa nani Fredy alipita? Alijaribu kumsamehe, akamwona dereva asiyemjua akipepewa kwa kanga na watu wema wasiojua kukaza mkanda.

"Umefanya vizuri," Shamimu alisema kutoka konani, kwa sauti kavu. "Watoto wako wana baba anayetembea. Mungu amrehemu huyo marehemu, lakini umefanya vizuri, na wenzako wote waambie wafanye hivyohivyo."

"Wanafanya hivyo, shemeji," Fredy alisema. "Siku hizi hakuna anayevaa fulana ya kazi akiwa nyumbani. Tunaivua getini."

Alipoondoka, chai ilikuwa imepoa na utando umekaa juu. Shamimu alimaliza kupasi kitenge kimoja, akakikunja, akaja kumgeuza mumewe. Alimshika begani na kiunoni, akamzungusha akatazama ukutani.

"Ungekuwa wewe ungesimama?" Harithi aliuliza.

"Ningepita."

"Ungelala?"

Shamimu alikuwa anampaka mafuta mgongoni. Mkono ulizunguka mahali pamoja kwa muda mrefu, penye kovu, ambapo alihisi kidogo, na chini yake ambapo hakuhisi kitu.

"Shamimu. Mpigie yule wakili."

"Yupi? Miriam? Ulimwambia umechoka."

"Bado nimechoka. Mpigie."

"Kesi ni miaka, Harithi. Watakubeba tena kwenye ngazi. Watakuuliza tena kuhusu shingo ya yule maiti, mbele ya watu. Na Evelina atasema yaleyale."

"Aseme. Na mimi nitasema yaleyale. Siku ile walivyoandika kwamba sikuwa kazini, nilidhani wamenihukumu mimi. Sasa wamemhukumu na yule dereva, na hakuwahi hata kuingia kikaoni. Watakuja wengine. Mpigie."

Shamimu alimfunika shuka. Alitafuta namba, akaipiga, mtandao ukagoma kwa sababu ya mvua. Akajitanda kanga kichwani, akatoka barazani ambako simu hushika vizuri. Kupitia ukutani Harithi alimsikia akianza mwanzo kabisa, kwa sauti ya juu ili kuishinda mvua.

"Halo? Wakili Miriam? Ni mke wa Harithi... Harithi wa kisimani. Ndiyo, yule... Hapana, dada. Hapana, hajafa."